Siku ya Kung'oa Misonobari

Kutoka nyumba ya marehemu Oskari hadi kwa Mama Saimi, mtu wa Lompola akikata ziwa anafika kabla hajachoka. Hilja alizunguka. Alishika barabara inayofuata ukingo, akapita ukumbi wa sala, akapita daraja, amelikumbatia birika kubwa la kahawa lililoazimwa kwa ajili ya msiba, na kila dirisha alilolipita pazia lilisogea kidogo. Watu walikuwa na haki ya kushangaa. Ilikuwa Aprili, barafu bado inabeba mtu, na njia ya ziwani ilianzia mlangoni pa Oskari, baba yake, ikanyooka mpaka ng'ambo, imesimikwa misonobari michanga huku na huku kuonyesha pa kupita.

Asubuhi alikuwa amejaribu kulikwepa birika hilo.

"Si ulipeleke wewe, shangazi," alimwambia Tyyne, dada wa baba yake, ambaye tangu mazishi ya Jumamosi hakuwa amevua aproni.

"Mimi na goti hili?"

"Basi Eljas atapita kulichukua."

"Eljas amebeba jeneza la baba yako, sasa abebe na birika. Huna hata haya." Tyyne alijifuta mikono. "Basi lako ni saa tisa. Kata ziwa, unywe kahawa ya watu, uage kama mtu aliyelelewa, urudi. Muda unabaki mwingi."

"Nitazunguka."

"Huko Helsinki siku hizi mnaogopa barafu?"

"Mimi naiogopa."

"Wewe, uliyejifunzia kutembea juu yake." Tyyne alimtazama, akaona pa kuishia. "Haya, zunguka. Na ufunike masikio. Waamini hapa hawatoboi masikio; Saimi akiviona hivyo vitundu vya herini atakosa usingizi."

Kusema kweli barafu ilikuwa nusu tu ya woga wa Hilja. Nusu ya pili ilikuwa na macho ya kijivu na mabega mapana, na Jumamosi ilisimama upande wa pili wa kaburi bila kumtupia jicho hata mara moja. Eljas, mtoto mkubwa wa Mama Saimi, alikuwa mchumba wake. Pete yake Hilja aliivaa majira ya kuchipua, na kabla majani ya miti hayajatoka aliiacha juu ya meza ya baba yake akapanda basi la kusini, bila kuaga, bila kueleza. Miaka saba imepita tangu hapo. Kijiji kinajua sababu, au kinadhani kinaijua.

Kila mwaka Lompola humkabidhi mtu mmoja njia ya barafu. Ziwa likishaganda huipima kwa mtaimbo na kusimika misonobari. Majira ya baridi yakianza kulegea, kabla mkondo wa maji haujaila barafu kutoka chini, huing'oa. Misonobari ikiwa imesimama, njia ni salama, na hakuna anayejisumbua kuuliza. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Oskari. Mwaka ule misonobari ya kwenye shingo ya ziwa, pale linapobanwa na maji kukimbia, ilibaki imesimama siku moja zaidi ya ilivyostahili. Jioni theluji ikaanguka, ziwa na anga vikawa kitu kimoja cheupe, na Veikko, mdogo wake Eljas, akawa anarudi nyumbani kwa pikipiki ya theluji, akiifuata misonobari kama alivyofundishwa tangu utoto. Walimtoa majini keshoye.

Jumapili Oskari alisimama mbele ya watu ukumbini akasema kosa ni lake, alisahau. Mama Saimi, mwanawe hajazikwa, aliinuka kwenye kiti chake, akamkumbatia shingoni mbele ya wote na kumtamkia yale maneno ambayo waamini wa bonde lile hutamkiana, awe mhubiri, awe mama wa jikoni: Amini umesamehewa dhambi zako zote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Ukumbi mzima ulilia siku ile. Hilja naye alilia, ila kwa sababu yake mwenyewe.

Oskari hakusahau kitu. Aliipima ile shingo asubuhi, akamtuma binti yake.

*

Eljas alikuwa uani, akifunga sleji nyuma ya pikipiki ya theluji. Alipomwona alisimama wima, kamba mkononi, akamngoja afike.

"Salamu za Mungu," alisema Hilja.

"Salamu za Mungu." Alilitazama birika, akaitazama barabara nyuma yake. "Umezunguka."

"Nimezunguka."

"Na birika lote hilo."

"Nalo."

"Lete." Alilipokea, na vidole vyake vikagusa vya Hilja kwenye mpini. Hakuna aliyeharakisha kuviondoa, na hakuna aliyekubali kwamba havikuharakishwa. "Nilidhani umeshaondoka."

"Basi ni saa tisa."

"Aha." Hakuwahi kuwa mwepesi wa maneno. "Mzee amepumzika sasa."

"Asante kwa kumbeba."

"Hakuwa mzito. Kifua kilikuwa kimemmaliza. Nilikuwa nikipita kwake kila wiki, ananifundisha njia." Hakusema kwamba binti yake hakuwa akipita, hakukuwa na haja. "Sasa ni mimi ninayeisimika na kuing'oa."

Ndipo Hilja alipouona mtaimbo juu ya sleji. Aliujua ule mpini, uliong'arishwa na mikono ya baba yake.

"Unaing'oa leo?"

"Leo. Inabeba mtu na inabeba pikipiki, gari sasa hapana. Sitaki kungoja kesho."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Hilja palepale alipokuwa amesimama. Alitamani kugeuka na kurudi alikotoka, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa na sauti ya Mama Saimi ikatoka pamoja na harufu ya mkate wa shayiri.

"Unamgandisha mgeni hapo nje kwa nini? Ingia, Hilja. Na uvue viatu, hapa si Helsinki."

Jikoni hapakuwa pamebadilika. Saa ilikuwa ileile, benchi lilelile la dirishani, picha ya Veikko imesimama penye rafu na shada dogo la maua yaliyokaushwa. Mama Saimi alikuwa amezeeka kwa namna ya wanawake wa kwao, hakunenepa wala kukonda, alikauka tu. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Alimkaribisha mezani, akamkatia jibini la kuoka vipande vidogo na kuvitumbukiza katika kikombe, kisha akavimiminia kahawa ya moto.

"Bado unakunywa hivi, au huko wanakunywa nayo keki za rangi?"

"Nakunywa hivi nikipata jibini."

"Umetoboa masikio."

"Ndiyo, Mama Saimi."

"Nywele umekata pia."

"Zitaota."

"Masikio hayataota." Lakini alisema bila ukali, akamsogezea mkate. "Kula. Mfiwa hula kwa kulazimishwa."

Eljas hakukaa. Aliegemea mlango, koti mwilini, akiwatazama wanawake wale wawili wakizungumza juu ya mazishi, nani alikuja, nani aliimba kwa sauti ya kupotea. Hilja alijua kwa barua za shangazi yake kwamba mama na mwana wale hula meza moja na maneno yao ni yale ya lazima tu, chumvi na kuni na hali ya hewa. Alijua pia sababu ambayo kijiji kiliitoa. Hakuwahi kuikanusha.

"Mama," alisema Eljas ghafla. "Ameshika kikombe. Akikimaliza anaondoka, na safari hii hana baba wa kumrudisha. Kama lipo la kumwambia, mwambie."

"Eljas, mwache mgeni anywe."

"Si mgeni. Alikuwa awe wa humu ndani. Nani alisema hamtaki?"

Mama Saimi aliuweka ubao wa kusukumia chini taratibu. "Mimi."

"Sema ulichosema."

"Nilisema baba yake nimemsamehe, lakini binti asikae mezani pangu, kwa sababu nikimwona chakula hakitapita. Nilisema hivyo kaburi la mdogo wako bado bichi." Alimgeukia mwanawe. "Na wewe umeninunia miaka saba."

"Nililala nina mchumba, nikaamka sina. Ulitaka niimbe?"

"Eljas, acha," alisema Hilja.

"Siachi. Nimeacha sana." Alikuwa anamtazama Hilja sasa, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na macho yale hayakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali yangekuwa nayo. "Ningekufuata, unajua? Nilinunua tiketi. Nikajiambia, umpeleke wapi, umrudishe kwa mama asiyeweza kumtazama? Nikaikunja nikaiweka mfukoni. Koti hilo bado ninalo."

Mama Saimi alikuwa ameshazunguka meza. Alipangusa mikono kwenye aproni, akasimama mbele ya Hilja, mama mzima wa miaka sabini, akashusha kichwa kama mtoto.

"Hilja. Nilikufukuza kwa mdomo wangu na nikawatenga ninyi wawili. Unaweza kunisamehe?"

Mtu aliyezaliwa katika waamini wale hajui jibu lingine. Likiulizwa, mkono hupanda wenyewe shingoni mwa mwenzako na maneno hutoka kabla hujayafikiri. Mkono wa Hilja ulikuwa umeshainuka. Akaiona Jumapili ile tena: shingo ya baba yake imeinama, mikono hii hii ya Mama Saimi ikiizunguka, naye Hilja ameketi kwenye benchi la tatu.

"Hapana," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kulijibu swali lile hivyo mbele yao. Uso wa Mama Saimi ulipauka.

"Hapana, Mama Saimi, si yako. Baba amekwenda na dhambi isiyo yake. Wewe huendi na hii nyingine, sitakubali." Alishika ukingo wa meza. "Wewe hukunifukuza. Nilijifukuza, nikakuachia wewe lawama kwa sababu ilinifaa."

"Unasema nini?" aliuliza Eljas.

"Siku ile, nje ya sauna yenu. Kabla hujatoa pete uliniuliza kitu."

Eljas alifikiri kidogo tu. Ilionekana hakuwa na haja ya kutafuta mbali. "Nilikuuliza kama una kazi."

"Nikasema nini?"

"Ukasema huna." Kitu kilipita midomoni mwake, kama tabasamu lililochelewa. "Nilikuwa naomba useme huna. Ungesema unayo, ningepoteza ujasiri mpaka mwaka mwingine."

"Nilikuwa nayo," alisema Hilja.

Eljas hakuelewa. Hilja aliona hivyo, akajua bado angeweza kunyamaza, akaendelea.

"Baba alipima shingo asubuhi. Akaniambia mkondo umeila, kang'oe yote ya pale kabla ya jioni. Nilikuwa njiani. Mtaimbo niliuegemeza nyuma ya sauna, huo huo ulio kwenye sleji yako. Nikakuona umevaa shati la Jumapili siku ya kazi, nikajua unataka kusema nini, na nilikuwa nimelingoja mno. Ukauliza kama nina kazi. Nikasema sina. Nikajiambia, nitang'oa kesho."

Kuni zilianguka ndani ya jiko. Eljas alikuwa amebandua mgongo wake mlangoni.

"Theluji ilianza tukiwa pale," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Nilikuona unaitazama. Nikakwambia inapendeza."

"Ndiyo."

"Na mzee akasimama mbele ya watu—"

"Hakuniuliza hata neno. Alirudi kutoka ziwani akaniona nina pete kidoleni, akaelewa yote. Jumapili alifanya vile. Kila nilipotaka kusema, alisema, imeshasamehewa, mwanangu, usiifukue. Ilisamehewa kwake. Mimi sikupewa kitu."

Eljas alijipangusa uso kwa kiganja kizima. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Ile saa ndiyo nzuri niliyobaki nayo. Veikko amekwenda, wewe umekwenda, nikawa najiambia, angalau ile saa ilikuwa yangu, hakuna anayeweza kuiharibu. Nimelala nayo miaka yote hii."

"Najua. Ndiyo maana sikukwambia."

"Ungeniambia," alisema. "Ungeniambia siku ileile, Hilja. Tungeibeba wawili."

Alifungua mlango akatoka. Hakuubamiza. Aliufunga vizuri, kwa mpini, kama mtu anayetoka penye mgonjwa, na Hilja akaona kwamba kubamizwa kungekuwa nafuu.

*

Hilja alivuta koti lake kwenye benchi. Kifungo cha kwanza akakipeleka kwenye tundu la pili.

"Naondoka, Mama Saimi. Sikuja kuwaumiza. Nilikuja na birika tu."

"Kaa chini."

"Basi—"

"Basi lipo kila siku. Kaa."

Hilja akakaa. Mama Saimi naye alikaa, magoti yao yakigusana chini ya meza, akayakusanya makombo ya mkate kwa ukingo wa kiganja, akayatazama.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba haikuwa ya Oskari. Nimewakumbatia watu wengi maishani mwangu, Hilja. Mtu akisamehewa lililo lake, mwili unalegea mkononi mwako. Wengine wanakuelemea mpaka unatafuta pa kushika. Baba yako alibaki mgumu kama mlango. Nikajiuliza, huyu anamkinga nani? Nikainua macho, nikakuona wewe benchi la tatu."

Hilja alifunika uso.

"Ningekuja kwako jioni ileile. Ni mbali? Hapa na pale. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikakaa nayo. Nilisema moyoni, acha ashinde nayo, mwanangu anashinda jenezani. Halafu ukaondoka, nikasema afadhali. Kila usiku naomba, Baba yetu, utusamehe kama sisi nasi, nikifika hapo naruka." Alivuta pumzi. "Kwa hiyo usinikatalie dhambi yangu, binti. Hiyo ninayo, na ni kubwa. Si ile anayoijua Eljas."

"Mimi ndiye niliyemuua Veikko."

"Barafu ilimuua Veikko. Wewe ulidanganya, ukachelewa, ukakimbia. Hayo yanatosha, usijiongezee."

"Huko Helsinki naenda kusali kila Jumapili," alisema Hilja ndani ya viganja vyake. "Nakaa nyuma. Mhubiri akitangaza msamaha, watu wanalia, wanafurahi, mimi nainamisha kichwa mpaka yapite. Kwa sababu ya hili langu neno lilishatolewa, Mama Saimi. Lilitolewa hapa, mbele ya watu wote, akapewa mwingine. Naogopa hata kuomba. Nitaomba nini? Nimwambie Mungu alikosea mtu?"

Mama Saimi aligeuka akalitazama birika lake, limekaa juu ya kabati, limesuguliwa na Tyyne mpaka linang'aa.

"Unadhani ile damu ni kama birika hilo? Ikimiminiwa baba yako, wewe ukifika ukute tupu?"

Hilja naye aligeuka akalitazama.

"Nakuuliza. Unadhani inaisha?"

"Sijui."

"Haya. Mimi sikusoma, lakini hilo nalijua." Aliinuka, akamwinua na Hilja kwa viwiko. "Sema sasa. Mimi ni mama yake Veikko. Sema kama tulivyofundishwa."

Hilja alikuwa ameyasema maneno yale mara elfu kwa makosa madogo, kwa kumjibu mtu vibaya, kwa kusengenya. Sasa hayakutaka kupanda. Alikuwa na hofu kama ya mtu anayekanyaga asipopajua, na nyuma yake hapakuwa na pa kurudi.

"Unaweza kunisamehe?" alisema. "Kwa Veikko. Na kwa kunyamaza."

Mikono yenye unga ikamzunguka shingo. "Amini," alisema Mama Saimi sikioni mwake, sikio lenye kitundu, "amini umesamehewa dhambi zako zote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake. Zote, Hilja. Na hiyo."

Mwili ukamlegea. Alimwelemea yule mama mzima mzima, mpaka Mama Saimi akatafuta meza kwa mkono mmoja asianguke, akacheka huku analia, akasema, "Naam, hivi ndivyo." Baadaye yeye naye akauliza swali lake, na safari hii Hilja hakusema hapana.

Walipoachana nyuso zao zilikuwa na unga. Hilja alitazama picha kwenye rafu, na kwa mara ya kwanza aliweza kumtazama Veikko machoni. Alikuwa kijana mwenye pua iliyobabuka kwa baridi, anacheka na mpiga picha. Hilja alikuwa amesahau kwamba Veikko alikuwa mchekeshaji.

"Yeye, je?" aliuliza, akionyesha mlango.

"Huyo si mimi," alisema Mama Saimi. "Siwezi kumsemea. Anachopaswa kusamehe ni kingine na changu. Mimi nilipoteza mtoto, yeye leo amepoteza na ile saa yake." Alimfunga kifungo kilichokaa vibaya. "Lakini hujamuuliza. Umemwambia tu."

*

Hilja alimwona toka barazani mwa nyumba. Eljas alikuwa ameacha pikipiki ufukweni, anavuta sleji kwa kamba, anaing'oa misonobari mmoja mmoja na kuirundika. Alikuwa bado karibu na ukingo. Kazi ilikuwa inakwenda taratibu kuliko ilivyopaswa.

Hilja alishuka mpaka pale theluji ilipoishia na barafu ikaanza, akasimama. Tangu Veikko azame hakuwa ameikanyaga, hata ya bustani za Helsinki wanapoteleza watoto. Ilikuwa ya kijivu, na maji membamba yaliyoyeyushwa na jua yalikuwa yakipita juu yake. Aliisikia ikinguruma mbali kwenye shingo, sauti aliyoizoea utotoni kama sauti ya tumbo la ng'ombe, na miguu yake ikakataa.

Bwana, alisema moyoni, umeniondolea lile kubwa. Hili nalo.

Woga haukuondoka. Aliweka mguu hivyo hivyo, nao, kisha wa pili.

Eljas alisikia hatua, akageuka. Alimtazama akija, akaitazama miguu yake, akaelewa kinachofanyika. Hakumwendea, lakini hakuendelea na kazi pia. Alingoja mpaka alipofika.

"Mama amekuambia yale maneno?"

"Ameniambia."

"Vizuri." Alimaanisha. Alisafisha theluji kwenye glavu zake kwa muda mrefu. "Mimi sina la kukupa leo, Hilja. Nimelitafuta tangu pale mlangoni mpaka hapa. Halipo."

"Sikuja kulidai. Nimekuja kuuliza, kwa sababu sikukuuliza. Unaweza kunisamehe? Usinijibu sasa. Nilitaka tu uwe umeulizwa."

Aliinamisha kichwa. Ng'ambo, kwenye barabara ya ukingo, basi la saa tisa lilipita ukumbi wa sala, likapunguza mwendo penye njia ya kwa Oskari, likakuta hakuna mtu, likaendelea. Wote wawili walilitazama mpaka likapotea nyuma ya msitu.

"Imebaki mingi," alisema Eljas hatimaye, akiitazama misonobari iliyosimama mpaka kwenye shingo na mbele yake. Kisha akamgeukia, na ilimchukua muda kulitoa lile neno. "Una kazi leo?"

Hilja alilielewa swali, na alielewa limemgharimu nini.

"Ninayo," alisema.

Eljas alichukua mtaimbo wa Oskari kutoka kwenye sleji, akampa. Walikwenda hivyo, Hilja akipigapiga barafu mbele na kusikiliza kama alivyofundishwa na baba yake, Eljas akifuata nyuma aking'oa. Miaka ambayo wangeitembea njia hii pamoja, wakiwa na watoto wakiteleza pembeni na kugombania kuvuta sleji, ilikuwa imeshakwenda, na hakuna maneno ya mhubiri wala ya mama ambayo yangeirudisha. Hilja aliijua hiyo hasara, na aliilia kimya kimya huku mtaimbo ukigonga.

Ya mbele waliifikia kwa kuzunguka ukingoni, na ya shingo wakaiacha mwisho; hapo Hilja alisimama. Barafu ilijibu kwa sauti ya utupu. "Tusipite hapa," alisema, "tunyooshe mkono kutoka huku." Walilala kifudifudi, bega kwa bega, wakaifikia misonobari minne ya mwisho kwa kamba na kulabu, wakaivuta. Mashimo yake yalijaa maji polepole. Pale ndipo Veikko alipozama.

Eljas alibaki amelala, kidevu juu ya glavu, anayatazama yale mashimo.

"Amini," alisema.

Hilja alimgeukia.

"Amini ume..." Mabega yalianza kumtikisika. Alijaribu tena, akafika palepale, sauti ikakatika. Hilja alikuwa analijua neno lililobaki, wote wawili walilijua tangu utotoni, lakini halikuwa lake kulisema. Alilala kando yake akangoja, maji yakimlowanisha koti.

"Nimeanza," alisema Eljas, bila kumtazama. "Nitalimalizia. Sijui lini."

"Nitakuwepo," alisema Hilja.

Waliinuka, wakafunga misonobari kwenye sleji, wakashika kamba kila mtu upande wake. Nyuma yao ziwa lilikuwa wazi, bila alama hata moja.